Sange wa Chini ya Kitanda

Mwabungo,
9 Mei 2024

Dada yangu Mwanamkuu binti Othman,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu marehemu baba alinifundisha kwa bakora, si kwa sababu umenizidi sana. Ni miaka miwili tu, na kwa meno nakushinda. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia mvua ikija, la kulia linalia mvua ikiondoka, kwa hiyo huku hatuna haja ya kutabiriwa hali ya hewa. Nyumba haivuji ila pale inapovuja. Mnazi wa nyuma umeanguka, na Mwenyezi Mungu alikuwa na nafasi nzuri sana ya kunichukua, maana nilikuwa nimetoka chini yake kwenda kutafuta kiberiti. Nadhani ameona aniache kwanza nikukere. Msalimie Fauzia binti yako, na mumewe asiyecheka.

Umetuma watu kuniuliza kwa nini sishiki simu. Simu mbovu. Nimeipeleka kwa fundi Ukunda, akasema nzima, lakini mafundi wa sasa ni vijana, wanaongea ndani ya mashati yao. Waliomo ndani ya simu nao wanavuma kama nzi kwenye chupa. Basi tuandikiane kama watu waliosomeshwa, hata kama mimi niliishia darasa la nne na wewe ukasoma ngumbaru ukubwani. Warda muuza ng'onda anatoka huko kwenu kuja huku na biashara yake, atabeba. Barua ikinuka samaki mkavu ujue ni yeye.

Sasa habari yenyewe. Nina mgeni.

Unamjua Kaloki, yule Mkamba jirani yangu. Alitega mtego wa panya kwenye mihogo yake, akanasa kitu asichokijua, akaniletea kwenye gunia. "Mzee Ishak, wewe ulifanya kazi na wanyama. Hii kitu ni nini?" Dada, kazi yangu pale hotelini Diani ilikuwa kuwapiga tumbili manati wasiwapokonye wageni mikate. Miaka yote ile sikumlisha mnyama hata mmoja, labda mbu. Lakini mtu akikuita daktari hukatai. Nikavaa miwani.

Alikuwa sange. Unamkumbuka sange? Mwili wa panya aliyeshiba, pua ndefu inayopinda huku na huku kama mkonga wa tembo aliyerowekwa akasinyaa, macho ya mtoto aliyeamshwa, na miguu ya nyuma myembamba kama ya paa. Ni kama Mungu alibakiwa na vipande jioni akaona si vizuri kutupa. Kaloki alitaka kumtia sufuriani. Mkewe Mbula akakataa, akasema yeye hapiki kitu kinachomtazama. Nikasema nipeni mimi.

Nimempigilia kizimba kwa ule mlango wa zamani wa jikoni na waya wa kuku. Nimekisukuma chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala marehemu wifi yako Chiku. Nilimwandalia wali wa nazi, maana mgeni ni mgeni. Hakuugusa. Papai, hakuligusa. Akajikunja pembeni anatetemeka mpaka nikatetemeka nami.

Kisha jioni akapiga mguu. Ule wa nyuma, juu ya mbao, ta-ta-ta-ta, upesi kama cherehani. Kizimba kimegusa tendegu, tendegu limeshika kitanda, kitanda kimeshika mgongo wangu, na sauti ile ikanipanda mpaka kwenye meno. Dada, tangu Chiku atolewe nyumba hii sijasikia kitu kilicho wazi namna ile. Nikagonga mbao kwa kidole. Akanijibu.

Nimemwita Mgeni. Nitakaa naye.

Nduguyo,
Ishak

Nimesahau: jogoo wa Mwabungo wameacha kuwika. Sijui ni ugonjwa gani.


Mkwiro,
27 Mei 2024

Mdogo wangu Ishak,

Marahaba, na Mungu akupe ile adabu uliyoikimbia utotoni. Barua yako imefika imelowa upande mmoja. Maneno yaliyofutika nimeyajaza mwenyewe kwa maneno ya heshima, kwa hiyo sasa ni barua nzuri kuliko ulivyoiandika. Sisi wazima. Kisima kimeingia chumvi tena. Mbuzi wa jirani yangu Mwanapili amekula pazia langu la mlangoni, na Mwanapili badala ya kuniomba radhi akaniuliza lilikuwa pazia la kitambaa gani. Fauzia anakusalimu sana. Yuko jikoni anakaanga, ndiyo maana hakuandika neno kwa mkono wake.

Ishak, mnyama wa mwitu hafugwi chini ya kitanda. Kwanza imekatazwa. Askari wa wanyama wakija utawaambia nini, kwamba ni mgeni wako? Pili atakufia. Wali wa nazi! Mzee mzima na mvi zako! Pua ile haikuumbwa kwa wali, imeumbwa kwa kufukua. Mpe mchwa. Vunja kichuguu umletee pamoja na udongo wake.

Wewe umesahau kila kitu. Sange tulionyeshwa na mama, siku tulipovuka kwenda bara kuokota kuni. Hatukumwona yeye kwanza, tuliona njia yake, kinjia chembamba katikati ya majani makavu, kisafi, hakina hata jani moja. Mama akasema, "Tazameni. Huyu hufagia njia yake kila siku, na hakuna anayemkemea." Akakutazama wewe.

Na kwa kuwa umetaja kufagia: nyumba ya mgane inanuka hata bila mnyama. Toa uchafu wa kizimba kila asubuhi, fagia, mwaga maji. Usafi ni katika imani. Nakutumia udi niliopika mwenyewe, uko kwenye kikopo. Utie kwenye chetezo cha Chiku, ufukize chumba, ufukize kitanda, umfukize na huyo mgeni wako.

Kuhusu jogoo, jogoo hawaachi kuwika, Ishak.

Dadako,
Mwanamkuu


Mwabungo,
14 Juni 2024

Kwa Dada Mwanamkuu,

Shikamoo tena, ingawa safari hii naitoa kwa jino moja. Idi inagonga mlango na sina mbuzi. Nimewaambia majirani kwamba nimemtazama mbuzi wa Mwanapili kwa macho ya roho, lakini yuko ng'ambo. Goti lile lile. Mnazi ulioanguka nimeukalia, umekuwa benchi.

Kwa mchwa ulisema kweli, nakupa heshima yako. Nimevunja kichuguu cha nyuma ya shamba la Kaloki, nikaleta bonge zima. Mgeni aliposikia harufu, ule mkonga ukasimama, ukatoka ulimi mrefu mwembamba, ukapita mchwa kama fagio. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, usimwambie mtu. Lakini dada, tumbo lile ni moto wa makumbi ya nazi. Unatia, linawaka, limekwisha. Asubuhi namlisha, jua likipanda kidogo ana njaa mpya. Mimi na jembe langu tumezunguka vichuguu vyote, na watu wameanza kusema mzee Ishak anatafuta mali iliyozikwa na Waarabu. Sikukanusha. Sasa wananiamkia vizuri zaidi.

Nikafagia kama ulivyoamrisha, kila asubuhi. Na kila asubuhi anaruka kama amemwagiwa maji ya moto, anagonga pua kwenye waya, kisha anashinda akikimbia kutoka pembe hii hadi pembe ile, pale pale juu ya mbao tupu, anarudia na kurudia. Nilidhani anacheza.

Kisha udi wako.

Nikawasha makaa, nikatia udi, nikasukuma chetezo chini ya kitanda kama Chiku alivyokuwa akifukiza nguo. Moshi ukapanda vizuri, mimi mwenyewe nikaona naoa. Nikaweka kiganja kitandani kumsikiliza. Kimya. Nikainama. Alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, ile pua iliyofanywa kunusa mchwa aliye ndani ya ardhi imejaa udi wa Mkwiro wa kuozea bibi harusi. Nikamtoa uani ndani ya kanga ya Chiku. Nikampepea kwa kipepeo cha jikoni. Nikamsomea kila nilichohifadhi katika chuo cha Kurani, na kwa kuwa nilihifadhi kidogo nikamsomea hata dua ya kuingia chooni. Pumzi ilimrudia adhuhuri. Hakupiga mguu siku ile, wala iliyofuata, wala mpaka leo.

Wewe unapanga tu kutoka huko kisiwani, fagia, mwaga, fukiza! Wewe una Fauzia anakukaangia na kukuchekesha. Ukinyamaza, yuko wa kukusemesha. Mimi nina huyu. Na udi wako umetaka kuniulia.

Ishak


Mwabungo,
22 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni ya meno yote.

Sijapata barua. Idi imepita, mwaka mpya wa Kiislamu umeingia, hata neno. Warda amepita mara kadhaa na kapu lake. Mara ya mwisho alisema kitu kirefu, lakini alikuwa anatafuna muhogo, sikumwelewa. Nikacheka pale nilipoona anacheka, nikanyamaza aliponyamaza. Kama alikuwa anasema habari zako, natumaini nilicheka mahali pake.

Mimi mzima. Upepo umekuwa wa baridi. Kipaza sauti cha msikiti wetu kimekufa tangu Ramadhani na hakuna anayekitengeneza, sijui sadaka tunazotoa zinakwenda wapi, tusiseme. Kwa hiyo saa ya sala nakaa kwenye mnazi wangu natazama njia, nikiona watu wanatembea pamoja nawafuata. Juzi nikafuata kundi nikiwa na udhu wangu na kofia, nikijua ni alasiri, kumbe wanakwenda kupokea mahari kwa kina Ngala. Nilikula pilau. Mungu anajua nia.

Mgeni anapiga mguu tena. Nilikuwa nimeacha kufagia, si kwa ujuzi, kwa kukata tamaa tu. Nikamwagia kizimbani majani makavu ya mkorosho pakacha zima, nikasema chafua unavyotaka. Asubuhi nikachungulia. Dada, alikuwa amefagia. Kinjia kimoja, chembamba, kutoka pembe hadi pembe, hakina jani. Nikakumbuka maneno ya mama. Zile asubuhi zote nilikuwa nambomolea barabara yake pamoja na harufu yake, naye anaijenga upya juu ya mbao tupu. Jioni ile akapiga, ta-ta-ta-ta, na mimi nikajibu, tukaenda hivyo mpaka mkono ukachoka. Tuliongea sana. Sijui tulisema nini.

Ila anakonda. Jua limekausha ardhi, mchwa wameshuka chini kabisa, nachimba mpaka kiuno ndipo nipate kiganja. Siafu hawataki. Panzi anamla mmoja, wa pili anamtazama. Manyoya ya mgongoni yanatoka. Na mguu ule wa kupigia umechubuka.

Udi ulikuwa mzuri, dada. Mimi mwenyewe ninanukia mpaka leo.

Niandikie, hata matusi.

Nduguyo,
Ishak


Mkwiro,
10 Agosti 2024

Ishak,

Marahaba. Nilikasirika. Kisha nikaona haya kwa ajili ya ule udi, na mtu wa umri wangu akiona haya hakimbilii kalamu. Kisha nilipoandika, Warda akaugua homa, barua ikalala kwenye kapu lake chini ya ng'onda mpaka ikawa haisomeki. Hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa na matusi uliyoyaomba, umeyakosa.

Mwanapili ameninunulia pazia jipya, la rangi ambayo mbuzi wake haipendi. Kisima bado. Fauzia anakusalimu, ametoka kidogo.

Nina maneno mawili.

La kwanza. Warda aliniambia kwamba alipopita kwako alipiga hodi mlangoni mpaka koo likamkauka, nawe uko ndani, umeketi sakafuni umempa mgongo, kiganja chako kimelala juu ya kitanda. Alipokugusa bega uliruka kama mwizi. Akaniambia pia kipaza sauti cha msikiti wenu ni kizima, kinamwamsha yeye alfajiri kila akilala kwa shangazi yake. Na jogoo wapo tele, wanawika. Sikuulizi kitu, ndugu yangu. Nakueleza nilivyoelezwa.

La pili ni la mnyama. Akikonda hivyo huenda si mchwa peke yake. Siku ile kule kwenye kuni, mama alituambia zaidi, ila wewe ulikuwa umekwenda kukojoa. Alisema njia ya sange ina wenyewe wawili, mke na mume. Hawalali pamoja wala hawatembei pamoja, kila mmoja na upande wake, unaweza kudhani hawajuani. Lakini njia ni moja, na kila mmoja anajua mwenzake yuko. Muulize Kaloki alimnasa wapi. Muulize kama pale pana mwingine.

Dadako,
Mwanamkuu


Mwabungo,
28 Agosti 2024

Dada Mwanamkuu,

Shikamoo. Warda ni mwongo. Mwanamke anayeuza ng'onda za mwaka jana akisema za juzi, utamwamini habari za milango ya watu? Nilikuwa na mawazo siku ile. Mtu hawezi kuwa na mawazo nyumbani kwake?

Mimi mzima. Mvua hakuna.

Nilimwendea Kaloki. Siku hizi huyu bwana akinisemesha anasimama mbele yangu kabisa na kufungua mdomo kama anamlisha mtoto, na mikono inakwenda juu na chini, nadhani ndivyo wanavyoongea kwao bara. Nilipomuuliza, alinitazama kidogo, kisha akanishika mkono, tukaenda mpaka mwisho wa mihogo yake, pale kichaka kinapoanza. Njia iko, dada. Nyembamba, safi, inapita chini ya miiba. Kaloki anasema mwingine yupo. Kila jioni anakuja mpaka pale palipokuwa na mtego, anasimama, anapiga mguu kwenye majani. Kisha anangoja. Kisha anapiga tena. Mbula hawezi tena kwenda kuchimba muhogo upande ule jioni, anasema mguu ule unamtia simanzi.

Tukakaa pale mpaka jua lilipolegea. Kaloki akainua kidole ghafla. "Sikia, mzee! Ndiye huyo!" Nilimwona mdomo.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema naam, namsikia, ana mguu mzuri.

Nimerudi nyumbani nikaweka mkono kitandani, na Mgeni anapiga, ta-ta-ta-ta, ananyamaza, anapiga tena. Mimi sikujibu. Nilikuwa nimedhani ni mimi anayenisemesha.

Lakini simwachii. Usiniambie nimwachie. Kule kuna nyoka, kuna mbwa, kuna mitego ya wengine wasio na mke kama Mbula. Hapa ana paa, ana mchwa ninaochimba kwa magoti haya mabovu, na mguu wake naupaka mafuta ya nazi akilala. Mnyama gani mwitu anapakwa mafuta ya nazi? Na nikimwachia, nyumba hii...

Mvua hakuna kabisa. Msalimie Fauzia.

Ishak


Mkwiro,
9 Septemba 2024

Ishak mdogo wangu,

Marahaba.

Fauzia hayuko. Hayuko jikoni wala hajatoka kidogo. Alihamia Mombasa na mumewe Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, kabla hujaniandikia hata barua ya kwanza. Mumewe kapata kazi bandarini, na ni haki yao. Nilikuandikia anakaanga kwa sababu sikutaka nyumba yangu isomeke tupu. Napika wali leo naula kesho. Nilimkemea Mwanapili juu ya pazia lile siku tatu mfululizo, na si kwamba nililipenda, ila akikemewa anakuja kujitetea, na akija anakaa.

Sasa nimesema langu. Sikukulazimisha useme lako, wala sasa sikulazimishi.

Mgeni siku mbili, Ishak. Wako umemweka masika yote na kiangazi. Humlishi tena, unamla.

Nimeandika neno kali, nalitazama, na sitalifuta.

Dadako,
Mwanamkuu


Mwabungo,
30 Septemba 2024

Dada yangu Mwanamkuu,

Shikamoo.

Mimi mzima, magoti yote mawili yanalia, kwa hiyo ama mvua inakuja ama inaondoka. Neno lako kali lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki tasi. Nililitukana, nikakutukana na wewe, kama huko uliko ulijikwaa siku hiyo ujue ni mimi. Halafu nikainama nikamtazama. Alikuwa anakimbia ile njia yake, pembe hadi pembe, na kila akipita mguu unaacha tone dogo jekundu, na akifika mwisho anageuka kana kwamba safari hii huenda ukuta umesogea.

Nilimtia kwenye pakacha la majani, nikalifunika kwa ile kanga ya Chiku, nikaenda kwa Kaloki. Alasiri. Aliona pakacha akaacha jembe. Mbula naye akaja nyuma, na unga mikononi.

Kaloki aliahidi kutotega tena upande ule, akaapa mbele ya Mbula, na hicho ndicho kiapo anachokiogopa. Tulifika kwenye kinjia, nikalilaza pakacha, nikafunua. Nilidhani atatoka kama risasi. Hakutoka. Alisimama mlangoni mwa pakacha, mkonga ule ukapinda huku, ukapinda kule, unasoma. Akatia mguu mmoja nje. Pale mbele yake palikuwa na jani kavu lililoangukia njia. Akalifagia, mara mbili kwa mikono yake midogo, likaenda pembeni. Ndipo akaenda. Hakugeuka, mshenzi yule, baada ya mafuta yote ya nazi.

Tukangoja. Niliona Mbula amefunika mdomo kwa kanga, nikajua kuna kitu. Nikapiga magoti, haya haya unayoyajua, nikalaza viganja vyote viwili chini. Udongo, dada. Udongo na majani. Sikupata kitu.

Nikahisi mkono wa Kaloki mgongoni. Nikadhani ananifariji, nikataka kumtukana. Kisha vidole vyake vikaanza kupiga, bega la kushoto, ta-ta-ta-ta, upesi. Vikanyamaza. Vikapiga bega la kulia, polepole kidogo, ta-ta-ta. Vikanyamaza. Tena kushoto. Tena kulia. Nikaelewa kushoto ni nani na kulia ni nani. Alinipigia hivyo mpaka wakamaliza mazungumzo yao, na yalikuwa marefu, maana walikuwa na mengi. Mimi uso wangu ulikuwa chini, hakuna aliyeuona, na wewe usiuone.

Kumbe Kaloki alikuwa anajua siku zote. Na Mbula. Na imamu, na kina Ngala walionipa pilau. Kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri tu.

Haya. Jogoo wa Mwabungo wanawika. Nawaona wakifungua midomo.

Hili la masikio lilianza mwaka aliokufa Chiku, kidogo kidogo, sauti zikitoka nyumbani moja moja kama watu wanaotoka matangani. Nilikuwa nadhani ni yeye alikuwa anapiga kelele zote zile, na kwa kuwa hayupo pametulia. Si uongo wote.

Kizimba nimekivunja. Ule mlango wa jikoni mbao zake bado nzima. Kitanda nikikiwekea mkono ni kitanda tu.

Basi nilikuwa nasema, kama Fauzia amekwenda zake, na Mwanapili hana mapazia zaidi ya kuliwa, njoo. Njoo na Warda. Ukae siku mbili, ya tatu nitakupa jembe, tuone kama mdomo wako unajua kulima. Chumba cha mbele nimekitoa buibui. Njia ya kutoka barabarani mpaka mlangoni nimeifagia, naifagia kila asubuhi, hakuna jani.

Ila ukifika usipige hodi kwa mdomo, utajichosha bure. Ule ubao wa kizimba nimeutandika kutoka kizingitini mpaka chini ya kiti changu. Simama juu yake, upige mguu. Wowote ule, ulio mzima. Mimi nitakuwa nimeketi hapo ndani nimevua viatu.

Nduguyo,
Ishak